Jiko la Etelka Kwenye Pazia Kubwa

Etelka Bordás aliolewa akiwa na miaka ishirini na mbili, na tangu siku ya pili ya ndoa yake hakuna asubuhi iliyomkuta kitandani baada ya saa kumi na nusu. Mumewe, Dezső, alikuwa mwendesha winchi katika kiwanda cha chuma cha Diósgyőr, mjini Miskolc, na zamu ya asubuhi haikumsubiri mtu. Kwa hiyo Etelka alitangulia kuamka. Aliwasha gesi, akabandika kahawa, akakata mkate, akaupaka mafuta ya nguruwe, akaupangia vitunguu juu na kuufunga kwenye karatasi. Mlango ulipofungwa nyuma ya Dezső, ndipo siku yake mwenyewe ilipoanza: vitanda, vumbi, sakafu, foleni ya nyama, supu, pasi. Jumatatu kufua. Alhamisi madirisha. Jumamosi kuvuta unga wa rétes, kile chakula cha kukunjwa kinachojazwa kabichi au cheri, ambacho Dezső asipokiona mezani siku hiyo huuliza kama kuna msiba.

Mtoto wao wa pekee, Bálint, alikua, akaoa, akahamia Debrecen. Wenyewe wakahama kutoka nyumba ya vyumba viwili ya uani, yenye bomba la maji nje, wakapewa ghorofa ya sita kwenye majengo mapya ya kilima cha Avas, hapo hapo Miskolc. Kila kitu kilihama isipokuwa ratiba. Siku karani wa sensa alipokuja na kumuuliza kazi yake, Etelka alijifuta mikono kwenye aproni, akamjibu bila kinyongo chochote:

"Mimi? Mimi sifanyi kazi, baba. Niko nyumbani tu."

Huyo ndiye mwanamke aliyefunguliwa mlango wake asubuhi moja ya Oktoba, mwaka sabini na saba, na jirani yake Bözsi. Bözsi aliishi mlango wa pili, na hakuna kilichopita ngazini bila yeye kujua kinakotoka na kiendako. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba aliyevaa koti la kiume, nywele zimelowa ukungu.

"Mama Bálint, nimekuletea mgeni! Katoka Budapest. Wa sinema!"

"Shikamoo, mama," msichana akasema. "Naitwa Piroska Verebes."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, sakafu haijakauka."

Piroska akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni. Bila kungoja kukaribishwa akapita moja kwa moja hadi jikoni, akasimama katikati, akalitazama dirisha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda juu ya mabonde, nalo liliingia kwa ubavu, likalala juu ya meza, likaugusa mgongo wa birika. Msichana alinyamaza. Alinyamaza kiasi kwamba Etelka alimgeukia Bözsi, na Bözsi akazungusha kidole karibu na kipaji cha uso, kama kusema: huyu mashine yake imelegea.

"Ni jiko hili," Piroska akasema mwishowe. "Nimeingia majiko arobaini na matatu. Ni hili."

Akaeleza. Alitaka kupiga filamu humu ndani. Yeye ndiye mwongozaji, studio imempa ruhusa na mkanda, mwigizaji tayari yupo.

"Filamu yenyewe inahusu nini?" Etelka aliuliza.

"Mwanamke anayefanya kazi za nyumbani kwake."

"Halafu?"

"Halafu nini, mama?"

"Halafu nani anakufa?"

"Hafi mtu."

"Basi mume ana hawara."

"Hana hawara."

Etelka alimwangalia kwa huruma. "Binti yangu, hiyo siyo filamu. Hiyo ni Jumanne."

Bözsi alicheka mpaka akashika ukuta. Piroska naye alicheka, lakini macho yake hayakubanduka mezani. "Ndiyo hasa," alisema polepole. "Nataka kuipiga Jumanne. Yote. Bila kuruka kitu."

Jioni Dezső alipopata habari hizo, kijiko chake kilisimama juu ya supu ya maharage. "Watu walipe kiingilio wakamtazame mtu akisugua sufuria? Mimi naonyeshwa bure, na hata hiyo ya bure siitazami!" Hakusema kwa ubaya. Dezső hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti ya kupandisha juu ya kelele za chuma, aliyemaliza supu yake, akashukuru, akaenda chumbani kwenye redio yake. Lakini kwa kuwa msichana alikuwa na soksi iliyotoboka, na kwa kuwa jiko lake lilikuwa limechaguliwa kati ya majiko arobaini na matatu, Etelka alikubali.

Walikuja watu wanne na vyuma vingi. Wa kukumbukwa ni wawili: Ottó, mpiga picha, bwana wa makamo mwenye ndevu na mgongo mbovu, na mwigizaji mwenyewe, Hajnalka Szendy. Hajnalka alikuwa mtu wa jukwaa kubwa la Budapest. Bözsi aliwahi kumwona kwenye televisheni akifa kwa kifua kikuu, na alipomkuta ngazini akivuta sigara alikaribia kumpa pole. Hakuwa na maringo. Alimwambia Etelka siku ile ile, "Dada, nyumbani kwangu kuna mama anayenisaidia kazi. Nifundishe kila kitu kama mtoto."

Etelka akamfundisha. Namna ya kukamua kitambaa cha sakafu ili kisichuruzike. Namna ya kupanga sahani ili zijikaushe zenyewe. Hajnalka alishika haraka, na kwa macho ya Etelka alifanya vizuri kabisa, tena kwa madaha. Lakini kila Piroska aliposema "kata" alikuwa amekunja uso, na Ottó alikuwa akitazama viatu vyake.

Siku ya tano ikafika zamu ya rétes.

Asiyewahi kuvuta unga huo hajui ulivyo na wivu. Unakandwa kwa maji ya vuguvugu na tone la siki mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio, unafunikwa kwa sufuria iliyopashwa moto ili upumzike, kisha unawekwa katikati ya meza juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa unga mkavu. Hapo unaingiza mikono chini yake, viganja vimetazama chini, na kwa migongo ya mikono unauvuta huku ukiizunguka meza, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka donge lililotosha kwenye bakuli linafunika meza nzima na kuning'inia pembeni. Ukiuharakisha unachanika. Ukiuogopa unachanika. Ukiwa na hasira usiuguse kabisa.

Hajnalka alivua pete zake tatu, akaanza. Ukachanika. Etelka akakanda mwingine. Ukachanika tena, safari hii katikati, shimo la kupitisha kichwa. Wa tatu ulifika nusu ya meza, kisha kucha moja ikapenya. Hajnalka aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu aliyemsaliti.

"Ngoja, mwanangu, usilie, si kosa lako," Etelka akasema. Akachukua donge la nne alilokuwa ameliweka akiba, kwa kuwa Jumamosi ni Jumamosi na Dezső lazima ale, akaanza kulivuta huku akieleza. "Usiutazame. Usikie. Ona, hapa umekaza, basi uache kwanza, nenda upande mwingine, ukirudi utakuwa umelegea wenyewe..." Akazunguka meza mara moja, mara mbili. Alipoinua kichwa, wote walikuwa wakimtazama. Ottó alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake, mkono mgongoni, mdomo wazi.

Hajnalka ndiye aliyesogea kwanza. Alivua aproni yake, akamwendea Etelka kwa nyuma, akamfunga kiunoni juu ya ile aliyokuwa nayo tayari.

"Piroska," alisema, "mimi nimesomea kulia, kuzimia na kufa. Hili sikusomea, na wewe unajua tangu Jumanne. Mpige huyu."

"Nani? Mimi?" Etelka akarudi nyuma mpaka akagonga jiko. "Mna wazimu! Mtu mwenye meno haya? Nani akae anitazame mimi?"

"Mimi," alisema Piroska. Na kwa namna alivyosema, Etelka akarudi mezani.

Hajnalka hakwenda zake. Alibaki akaigiza jirani anayekuja kuazima mayai, dakika nne tu, jambo lililomuudhi Bözsi kwa miaka mingi. "Jirani ni mimi!" alilalama ngazini. "Jirani wa kweli nipo, mzima, na mayai nimeazima kweli, wanaleta jirani wa bandia kutoka mji mkuu!"

Siku ya kwanza ya kumpiga picha Etelka iliharibika yote. Watu wa filamu walifika saa mbili asubuhi wakakuta nyumba inang'aa. Vitanda vimetandikwa, vyombo vimekaushwa, sakafu imepigwa nta, hata mabomba ya chooni yamesuguliwa.

"Mama!" Piroska alishika kichwa. "Umeshafanya kazi yote! Sasa nipige picha ya nini?"

"Ulitaka nipokee wageni kwenye nyumba chafu?"

"Ndiyo!"

"Basi hukulelewa," Etelka akamjibu, na likawa halina mjadala.

Ikabidi wao ndio waje mapema. Kesho yake saa kumi na nusu alfajiri walikuwa wamebanana ukutani kama wezi, na Dezső, akitoka chooni na kaptura yake, alikutana uso kwa uso na kamera. Tangu siku hiyo alilala na suruali.

Piroska alikuwa na sharti moja: usiharakishe, usipunguze, fanya kama sisi hatupo. Mwanzoni Etelka alihisi kila kiungo cha mwili wake. Alisahau mkono gani hufungua gesi. Lakini kazi za nyumbani zina hisani yake. Mwili huzijua kuliko kichwa. Siku ya tatu alikuwa amemsahau Ottó. Siku ya nne alimpiga kwa mpini wa ufagio, akamwomba radhi bila kugeuka, na kipande hicho kimo ndani ya filamu.

Ottó ndiye aliyeanza kunong'ona. Alikuwa amepiga picha za mawaziri, za mito iliyofurika, za vita vya farasi mia mbili kwenye uwanda wa Hortobágy. Siku moja wakati wa chakula alimwambia Piroska kwa sauti ya chini, ingawa Etelka alisikia: "Umeona anavyofunga kabati? Kwa nyonga. Hajawahi kulikosa hata mara moja. Mimi nimeishi miaka hamsini, mama yangu alifunga kabati hivyo hivyo, na sikuwahi kuliona."

Etelka alidhani anamsema vibaya. Akaanza kufunga kabati kwa mkono, mpaka Piroska alipomsihi aache.

Jumamosi ya pili walipiga rétes. Piroska alisema kipande hicho atakipiga mara moja tu, bila kukata, kuanzia donge hadi mwisho. Mkanda mmoja wa kamera ulikwenda dakika kumi na moja, basi.

Jua liliingia kwa ubavu kama ile siku ya kwanza. Etelka alinyunyiza unga mkavu, ukapanda hewani, ukakaa hapo kama haukuwa na haraka ya kushuka. Akaweka donge. Akaingiza mikono. Kilichosikika ni nyayo za ndara zake zikizunguka meza, na sauti ya kamera iliyokuwa kama nyuki ndani ya chupa. Unga ukatanuka. Ukavuka katikati ya meza, ukavuka ukingo, ukawa mwembamba mpaka maua mekundu ya kitambaa cha meza yakaanza kuonekana chini yake, kwanza kama kivuli, kisha petali kwa petali, kama kitu kinachotazamwa ndani ya maji safi. Haukuchanika popote.

Desturi ni kuuacha unga ukauke kidogo kabla ya kuujaza. Siku zote katika muda huo Etelka alikuwa akiosha bakuli. Lakini siku hiyo kamera ya Ottó iliziba njia ya kwenda kwenye sinki, na alikatazwa kuigusa. Akasimama. Mikono yake ikatafuta kitu, haikukipata. Akavuta kiti, akaketi mbele ya meza yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa akautazama unga alioutengeneza.

Akamkumbuka mama yake, kijijini kwao upande wa Abaúj, aliyekuwa akivutia unga juu ya mlango uliong'olewa bawabani kwa kuwa nyumba haikuwa na meza kubwa ya kutosha. Nyumba nzima ilishinda bila mlango kila Jumamosi, iwe baridi isiwe baridi, na kuku wakiingia. Akaiona mikono ya mama yake, iliyokufa zamani. Akatazama chini, na hiyo hapo, mapajani mwake, imelala na unga mpaka kwenye viwiko. Mishipa ile ile. Kidole gumba kile kile kilichopinda.

Alikaa hivyo. Hakulia, hakutabasamu. Kisha ile sauti ya nyuki ikabadilika, ikawa mapigo makavu ya mkanda uliofika mwisho, na kila mtu akabaki alipokuwa. Ottó alikuwa akijifuta machozi kwenye ndevu.

"Sikusema kata," Piroska alisema. "Umeisha wenyewe."

"Basi sogezeni hicho kidude," Etelka akasema akiinuka, "kabichi inapoa."

Walikula rétes yote, makombo na yote. Dezső alirudi akakuta sinia tupu. Hakuuliza kuhusu msiba, maana alikuta watu sita wamekaa sakafuni kimya kama waliotoka kumzika mtu.

Ikapita miezi kumi na nane. Etelka alidhani mambo yameishia hapo. Kisha barua ikaja kutoka kwa Piroska: filamu itaonyeshwa Miskolc, ukumbi ule ulio karibu na kituo cha tramu, Jumanne, saa kumi na moja jioni. Bözsi aliitangaza ngazi nzima. Dezső alichukua likizo ya nusu siku, akavaa kofia na suti aliyoivaa kwenye harusi ya Bálint. Etelka alikuwa hajaingia sinema tangu mwaka aliozaa. Alikaa safu ya tano, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama abiria asiye na tiketi.

Taa zikazimika. Hapo mbele, kwenye pazia jeupe la sinema, likatokea jiko lake, kubwa kama kanisa. Gesi ikawaka. Mwanamke mmoja mnene aliyewapa watu kisogo akaanza kukata mkate, akakata, akaendelea kukata.

Dakika ya kumi watu walianza kukohoa. Dakika ya ishirini vijana wa kiwandani waliokaa nyuma wakapiga mluzi. "Mama, harakisha, njaa inatuuma!" mmoja akapaza sauti, na ukumbi ukacheka. Mwingine akasema, "Mimi nangojea afue! Nasikia akifua ndiyo patamu!" Viti vikaanza kugonga, mlango ukafunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa. Masikio ya Dezső yalikuwa mekundu gizani. Etelka alimshika mkono.

"Twende nyumbani," alinong'ona. "Nilikwambia. Nani wa kukaa atazame?"

"Kaa," Dezső akasema. Na kwa kuwa hakuwahi kumwamuru kitu, alikaa.

Ndipo jua likaingia kwa ubavu kwenye lile jiko, na unga ukapanda hewani.

Etelka hakuwahi kuweza kueleza vizuri kilichompata. Bálint alimuuliza, daktari wake alimuuliza, hata padri. Alichosema siku zote ni kwamba aliogopa, kama mtu anavyoogopa anapoingia mahali patakatifu bila kujua ni patakatifu. Aliona mikono miwili mikubwa kama milango. Ilizama chini ya kitu cheupe, na kitu kile kikapumua, kikatanda, kikawa ngozi, kikawa mwanga wenyewe, na maua mekundu yakapanda kutoka chini yake moja baada ya moja. Kila ua lilifika kwa wakati wake. Alijua kitambaa kile alikinunua kwa punguzo la bei. Alijua sekunde inayofuata mkono wa kushoto utafanya nini. Na bado alikuwa akijiuliza: huyu ni nani? Nani kamfundisha mtu huyu kufanya hivi, na kwa nini hakuna aliyetuita tuje tuone?

Mluzi ulikuwa umekoma. Wa nyuma waliobaki walikuwa wamesimama, si kuondoka, ila kuona vizuri. Mwanamke wa kwenye pazia alipoketi, ukumbi mzima ulitulia hivi kwamba aliweza kusikia tramu ikipinda kule nje. Akaketi mwanamke yule, akaketi tu, na hakuna aliyekohoa.

Dezső alivua kofia yake taratibu, akaiweka gotini.

"Kila Jumamosi?" aliuliza, sauti yake kubwa imekuwa ndogo.

"Kila Jumamosi."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Dezső."

Akaigeuza kofia gotini. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa chumbani, baba. Unasikiliza mpira."

Filamu ilipokwisha taa ziliwaka juu ya watu ishirini na tatu. Bözsi aliwahesabu. Hakuna aliyepiga makofi. Walikaa, kama watu walioamshwa. Mwanaume mmoja alimgeukia mkewe akamtazama mikono, mke akaificha mfukoni. Kisha kutoka safu ya mbele akainuka bibi kizee mwenye kilemba cheusi, mtu ambaye Etelka hakuwahi kumwona. Alikuja polepole akishika migongo ya viti. Alipofika aliuchukua mkono wa Etelka, akaugeuza, akautazama upande wa nyuma na upande wa kiganja kama mtu anayekagua kitambaa sokoni.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeuvuta hivyo hivyo miaka hamsini na mbili. Sikujua kama unaonekana vile."

Wakashikana mikono hapo kati ya viti mpaka mfagiaji wa ukumbi alipowaomba wapishe.

Filamu ilikaa Miskolc siku tatu, ikaondolewa. Gazeti la mji liliandika kwamba ni ndefu na inachosha. Gazeti moja la Budapest liliandika kurasa mbili ambazo Dezső alizisoma mara nne bila kuzielewa, kisha akazikunja na kuziweka pamoja na hati ya nyumba. Baadaye ilisafirishwa nje, na Piroska alileta picha ya ukumbi wa ng'ambo uliojaa watu wasiojua hata neno moja la Kihungari, wametulia, nyuso zao zimeangazwa na jiko la Etelka.

Jumamosi ya kwanza baada ya onyesho, Dezső aliingia jikoni amekunja mikono ya shati, akasema anataka kusaidia. "Toka hapa," Etelka akamwambia, "una mikono ya winchi." Akaomba basi akae atazame. Akapewa kigoda. Alitazama kwa moyo wake wote kwa dakika saba, kisha akasinzia, kichwa kimeegemea friji. Etelka aliuzunguka unga kwa vidole vya miguu ili asimwamshe. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena, na alijifunza kukaa macho. Mpaka alipofariki, mwaka themanini na nane, hakukosa, isipokuwa siku timu ya mpira ya Diósgyőr ilipocheza fainali, na siku hiyo aliomba ruhusa.

Na Etelka akaanza kwenda sinema. Kila Alhamisi, madirisha yakishakauka, alishuka kilima na mkoba wake, akakaa safu ile ile ya tano. Alitazama kila kilicholetwa, mapigano, mapenzi, wapelelezi. Muuza tiketi alimzoea, na alizoea pia malalamiko yake wakati wa kutoka.

"Leo ilikuwaje, mama?"

"Nzuri, ila wana haraka. Watu wanane wamekula, halafu ghafla meza safi. Nani kaosha? Wameogopa nini kutuonyesha?"

Piroska alimwomba mara mbili acheze filamu nyingine. Alikataa mara zote mbili, kwa upole, akamfungia rétes ya kurudi nayo Budapest. Alisema ameshaonekana, na kuonekana kunatosha mara moja. Sasa ni zamu yake kutazama.

Katika miaka yake ya mwisho, magoti yakiwa mabovu, alionekana mara kwa mara amesimama mahali pasipo na kitu cha kumsimamisha mtu. Asubuhi moja ya Machi Bözsi alimkuta kituo cha tramu, mkoba mkononi, amekipa kituo mgongo. Ng'ambo ya barabara mwanamke kijana alikuwa juu ya ngazi akiosha kioo cha duka la dawa. Alipitisha kitambaa kutoka kona hadi kona, akakikunja, akapitisha upande mkavu, akarudisha kichwa nyuma, akaona doa, akalipulizia pumzi.

"Tramu imepita, Mama Bálint. Unangoja nini?"

"Shh," Etelka akasema. "Hajamaliza."

Bözsi akageuka. Akafuata macho ya mwenzake mpaka kwenye ule mkono uliokuwa ukipanda na kushuka juu ya kioo, na jua nyuma yake likianza kupenya pale palipokwisha safishwa. Akaweka kikapu chake chini. Wakasimama wote wawili.